Barua ya wazi: Mlipima jiwe, hamkupima ufa

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya barabara, shule na menejimenti ya maafa katika wilaya yetu,

YAH: MKATO WA BARABARA ULIO JUU YA SHULE YETU YA MSINGI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mkazi wa kitongoji kilicho chini ya mkato huo, yaani ukuta ulioachwa mlimani mlima ulipokatwa ili kupanua barabara, na wajukuu wangu wawili wanasoma katika shule iliyo hapo chini. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi kwa miaka 26 kama fundi sanifu wa maabara ya udongo na kokoto katika miradi ya barabara, na kwa hiyo haya ninayoyaandika nayaandika kama mzazi na pia kama mtu aliyeshika udongo na mawe kwa mikono yake muda mrefu wa maisha yake.

Nimewaandikia barua tatu. Zote nimezipeleka kwa mkono, zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake ninazo. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili nilijibiwa kwa mdomo, nikiwa nimesimama koridoni, kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Ya tatu nilipoifuatilia niliambiwa niandike upya kwa sababu jalada halionekani. Sitataja jina la ofisi wala la mtu, kwa kuwa ninachotafuta ni usalama wa mteremko na wala sina haja ya kumwaibisha yeyote. Lakini masika yanakaribia, na nimeona si haki niendelee kukaa kimya na jambo ambalo wazazi wenzangu wanapaswa kulijua kama ninavyolijua mimi.

Hoja zangu ni hizi.

1. Mkato umeondoa kilichokuwa kinaushikilia mlima.

Milima yetu ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Mwamba wake kwa sehemu kubwa ni naisi, yaani mwamba wa kale sana uliogeuzwa na joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi hata ukajipanga katika matabaka. Katika upande wetu wa mlima matabaka hayo hayakulala sawasawa. Yanainamia barabarani, kwa nyuzi kama 30, karibu sambamba na mteremko wenyewe ulivyokuwa kabla ya upanuzi wa barabara. Juu yake kuna udongo mwekundu, ambao nao ni mwamba huohuo uliooza kwa mvua za maelfu ya miaka, na ndani ya udongo huo matabaka ya zamani bado yanaonekana kwa macho ukichimba kwa jembe.

Mteremko wa namna hiyo unaweza kukaa miaka na miaka bila tatizo, kwa sababu kila tabaka linaegemea lililo mbele yake na miguu ya mlima inazuia yote. Katapila lilipokuja kupanua barabara lilikata miguu hiyo na kuacha ukuta wa kimo cha mita kama 18, ulioinama nyuzi karibu 70, na matabaka yakatokeza usoni mwa mkato yakiwa hayana cha kuyazuia. Aliyewahi kupakia mbao kwenye lori anaelewa jambo hili bila kusoma vitabu: lori likiwa limeegeshwa mlimani, mbao hazishuki maadamu bodi la nyuma limefungwa. Sisi tumefunguliwa bodi.

Sisemi kwamba barabara isingepanuliwa. Tuliiomba wenyewe, na akina mama wajawazito wameacha kubebwa kwa machela hadi zahanati. Ninachosema ni kwamba mhandisi anayekata mlima wa namna hii anapaswa kwanza kujua matabaka yameinamia wapi, kwa sababu mkato uleule ukifanywa upande wa pili wa mgongo wa mlima, ambako matabaka yanainamia ndani, ungekuwa salama mara nyingi zaidi. Kazi ya kulijua hilo inahitaji dira, kipimapembe na siku mbili za kutembea.

2. Kilichopimwa ni jiwe, na jiwe si mlima.

Nilipouliza kama uchunguzi ulifanyika, nilionyeshwa karatasi ya maabara yenye majibu ya vipande vitatu vya mwamba vilivyovunjwa kwenye mashine, na majibu hayo yalikuwa mazuri. Mwamba wetu ni mgumu. Kwa karatasi hiyo ikahitimishwa kwamba mkato ni imara. Nimevunja vipande vya namna hiyo kwa miaka mingi, nami nawaambia kwa uhakika kwamba karatasi hiyo haijibu swali lililoulizwa.

Kipande kinachopelekwa maabara huchaguliwa kikiwa kizima. Kilichopasuka huachwa palepale, kwa sababu hakiwezi kusimama kwenye mashine. Kwa hiyo tunapima sehemu ambayo haitavunjika, na kuacha ile itakayovunjika. Mwamba uliopasuka ukibebeshwa mzigo haupasui mawe yake mazima. Mawe huteleza juu ya nyufa zilizokwisha kuwapo, huzunguka, husukumana, na nguvu ya mlima mzima huwa ni ile ya nyufa zake: zimekaa mbalimbali kiasi gani, uso wake ni mkavu au umelowa, unakwaruza au ni laini, ndani yake mna nini, na zimeelekea wapi.

Hili halikuanza leo. Mwaka 1973, nchini Afrika Kusini, mhandisi Bieniawski alitunga njia ya kuupa mwamba alama kati ya 0 na 100, na njia hiyo hutumika duniani kote katika mahandaki, migodi na barabara. Katika toleo lake la mwaka 1989, ugumu wa jiwe lenyewe unapewa alama 15 tu. Wingi wa vipande vizima katika sampuli iliyochorongwa ni 20, nafasi kati ya ufa na ufa ni 20, hali ya nyufa ni 30, na maji ni 15. Baada ya hapo hukatwa alama kwa ajili ya mwelekeo wa nyufa, na kwa miteremko makato hayo yanaweza kufika 50 au zaidi. Maana yake ni kwamba ile karatasi niliyoonyeshwa inazungumzia alama 15 kati ya 100, na alama 85 zilizobaki hakuna aliyezitafuta.

Nilifanya jaribio langu dogo nyumbani, ambalo yeyote kati yenu anaweza kulirudia. Nilichukua vipande viwili vilivyoachana kwenye ufa mmoja usoni mwa mkato, nikavirudisha uso kwa uso juu ya ubao wa jikoni, nikauinua ubao taratibu upande mmoja huku mjukuu wangu akishika kipimapembe chake cha shule. Vikiwa vikavu na visafi, cha juu kiliteleza tulipokaribia nyuzi 38. Kisha nikachota ule udongo uliomo ndani ya ufa wenyewe. Ni mfinyanzi wa rangi ya maziwa yaliyoingia majani ya chai, na ukiusugua kati ya vidole vikiwa vimelowa unateleza kama sabuni ya mche. Nikaupaka kwa unene wa ukucha, nikanyunyiza maji, nikainua tena. Kipande kiliondoka kabla hatujafika nyuzi 20. Matabaka yetu yameinama nyuzi 30. Kikavu kinakaa, kilicholowa kinashuka, na tofauti yake ni ukucha mmoja wa mfinyanzi ambao hakuna mashine ya kuvunja mawe itakayouona.

Kama mfano wa kitongoji unaonekana mdogo, upo wa Ufaransa. Tarehe 2 Desemba 1959 bwawa la Malpasset, lililokuwa na ukuta wa zege wa kimo cha mita 66, lilibomoka na kuua watu 423 katika bonde lililo juu ya mji wa Fréjus. Zege lilikuwa zuri. Kilichoshindwa ni mwamba uliolishikilia upande wa kushoto, na mwamba huo ulikuwa naisi, kama wetu, wenye matabaka na mpasuko ambavyo maji yalipenya chini yake yakaunyanyua na kuusukuma nje. Tangu siku hiyo elimu ya kupima nyufa za miamba ikawa somo linalojitegemea. Limefundishwa kwa gharama kubwa mno kwetu sisi kulipuuza.

3. Kuna ufa juu ya mkato, nao unapanuka.

Mita kama 11 nyuma ya ukingo wa mkato, katikati ya shamba la migomba, kuna ufa unaokwenda sambamba na barabara kwa hatua zangu 60. Nilipouona mara ya kwanza ungeweza kuupita bila kuujua, kwa sababu majani ya migomba yalikuwa yameufunika. Leo mtoto anaweza kuingiza mguu. Fimbo yangu ya mita 2 inazama yote bila kugusa chini.

Nilipigilia vipande viwili vya nondo, kimoja kila upande wa ufa, nikavitia alama kwa msumeno na kuanza kupima umbali kati ya alama hizo. Katika siku 60 za kiangazi umbali uliongezeka milimita 3. Katika siku 20 za mvua za vuli uliongezeka milimita 22. Mvua zilipokata, ufa haukurudi nyuma. Udongo uliokauka nao hupasuka, lakini nyufa zake hujifunga mvua ikinyesha. Huu wetu hufanya kinyume.

Naomba mnivumilie nieleze kwa nini maji ndiyo hasa ninayoyaogopa. Mfaransa Coulomb, aliyekuwa mhandisi wa jeshi, alieleza mwaka 1773 kwamba udongo unasimama kwa mambo mawili: mshikamano wa chembe zake, na msuguano, ambao unategemea uzito unaozikandamiza chembe hizo pamoja. Mwaka 1925 Karl Terzaghi akachapisha kazi iliyoweka wazi jambo ambalo wajenzi wengi walikuwa wamelikosa, kwamba maji yaliyomo kati ya chembe hubeba sehemu ya uzito huo, na sehemu inayobebwa na maji haizai msuguano hata kidogo. Chukueni udongo wa kina cha mita 10. Kila mita moja ya mraba ya chini inabeba tani kama 19. Maji yakipanda hadi juu, yenyewe hubeba tani 10 kati ya hizo. Uzito wa mlima haujapungua, tena umeongezeka, lakini kilichokuwa kinauzuia kimepungua kufikia nusu. Ndiyo maana mteremko huanguka usiku wa mvua, pasipo tetemeko wala mlio, na watu husema umeanguka wenyewe.

Ufa ule wa migombani una madhara yake ya pekee. Maji yakiujaza husukuma kuta zake, na nguvu hiyo haitegemei upana wa ufa. Hutegemea kina chake, tena kina kikiongezeka mara mbili nguvu huongezeka mara nne. Ufa wenye kina cha mita 2 ukijaa, husukuma kwa tani 2 katika kila mita ya urefu wake. Ukiwa na kina cha mita 4, ni tani 8. Ufa mwembamba kama karatasi husukuma sawasawa na ule unaoingia mguu, isipokuwa mwembamba hujaa haraka zaidi.

Na hakuna hata mfereji mmoja uliochimbwa juu ya mkato wa kuyakinga maji ya shambani. Kwenye michoro ya miradi niliyofanyia kazi mfereji huo ulikuwamo daima, na ndio uliokuwa kitu cha kwanza kuondolewa fedha zilipopungua.

4. Nyufa zimezibwa pasipopaswa kuzibwa.

Baada ya barua yangu ya kwanza walikuja vijana watatu na mifuko ya saruji. Niliwakaribisha, nikawapa maji ya kunywa, na sina lawama nao kwa sababu walitumwa. Walipaka saruji kwenye nyufa za usoni mwa mkato, chini, karibu na barabara, na baadaye pakajengwa ukuta wa mawe wa kimo cha mtu mzima. Ukuta huo hauna tundu hata moja la kutolea maji.

Waheshimiwa, ufa wa juu hupaswa kuzibwa ili maji yasiingie, na ufa wa chini huachwa wazi ili maji yatoke. Kwetu imefanyika kinyume. Zamani maji yalichuruzika usoni mwa mkato siku mbili tatu baada ya mvua, na wanafunzi walikuwa wakikinga humo mikono yao. Sasa hayachuruziki, na kuna waliofurahi wakidhani mlima umekauka. Maji yapo nyuma ya ukuta. Ukuta umefura tumbo katikati; nilipotundika timazi kutoka juu, katikati ya ukuta palikuwa pametokeza upana wa kiganja.

5. Kifusi kimemwagwa juu ya chemchemi.

Udongo na mawe yaliyotolewa kwenye upanuzi yalisombwa na kumwagwa kwenye kichwa cha korongo lililo juu ya uwanja wa shule. Wazee wote wa hapa wanajua kwamba mahali hapo palikuwa na chemchemi, na palikuwa na mti wa mkuyu uliokatwa wakati wa kazi. Chemchemi haijafa kwa kufunikwa. Inalowesha kifusi kutoka chini.

Udongo uliomwagwa bila kushindiliwa una vitundu vingi kati ya chembe zake. Ukilowa sana kisha ukatikisika au ukaanza kuteleza, vitundu hivyo hujaribu kujifunga, maji hukosa pa kwenda kwa haraka, na kwa muda mfupi ndiyo yanayobeba karibu mzigo wote. Kifusi kilichokuwa kimelala kama mlima huanza kutembea kama uji.

Tarehe 21 Oktoba 1966, katika kijiji cha Aberfan huko Wales, kifusi cha mgodi wa makaa ya mawe kilichorundikwa juu ya chemchemi kiliporomoka na kuingia katika shule ya msingi asubuhi, watoto wakiwa ndiyo kwanza wameingia madarasani. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Miaka mitatu kabla ya hapo mhandisi wa baraza la mji alikuwa ameandika barua kuonya juu ya hatari ya kifusi kile kwa shule, na barua ziko kwenye kumbukumbu mpaka leo. Tume iliyochunguza ilitoa taarifa yake mwaka 1967 na kuilaumu moja kwa moja bodi iliyosimamia migodi. Kila nikipita korongoni naikumbuka barua ile.

Najua baadhi ya majibu nitakayopewa, kwa sababu nimekwisha kupewa.

Nimeambiwa kwamba maporomoko ni mapenzi ya Mungu na mvua siku hizi zimezidi. Mvua kubwa hazizuiliki, ni kweli. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima Hanang iliporomoka na tope likaufikia mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Wataalamu waliotumwa na Serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikameguka. Aprili 2024, jijini Mbeya, tope lilishuka kutoka mlima Kawetele na kufunika nyumba za watu wa Itezi. Novemba 2009, Mamba Miamba wilayani Same, katika milima hiihii ya Tao la Mashariki, familia zilifukiwa usiku wa mvua. Mwamba dhaifu, maji na mteremko mkali vinatajwa kila mara. Kwetu viwili kati ya hivyo vilikuwapo, na cha tatu tumekichonga wenyewe kwa mashine. Kumtwisha Mungu mfereji ambao hatukuuchimba si uchaji.

Nimeambiwa kwamba ni wananchi waliolima juu ya mkato. Sehemu ya hoja hii naikubali. Mizizi ya miti hushikilia udongo wa juu, na shamba la migomba halifanyi kazi ya msitu. Wenye mashamba nimeongea nao, na wako tayari kuacha ukanda wa juu upandwe miti. Lakini mizizi haifiki kwenye tabaka la mfinyanzi lililo mita nyingi chini, na shamba lile lilikuwapo tangu enzi za baba zetu bila ufa wowote mpaka mlima ulipokatwa.

Nimeambiwa kwamba mkato umesimama misimu mitatu, basi utaendelea kusimama. Mlima wa Toc, juu ya bwawa la Vajont nchini Italia, ulianza kuonyesha ufa mkubwa mwaka 1960. Ulipimwa ukitambaa, ukisimama, ukitambaa tena kwa miaka mitatu, na wenye mamlaka wakazoea. Tarehe 9 Oktoba 1963 ubavu wake uliopasuka ulishuka wote kwa mara moja ndani ya bwawa, na wimbi lililoruka juu ya ukuta liliua karibu watu 2,000. Mlima unaotambaa unapoteza kidogo kidogo ule mshikamano uliobaki, kwa kuwa sehemu iliyokwisha kuteleza haina nguvu iliyokuwa nayo kabla haijateleza. Kusimama kwake jana hakutuambii kitu kuhusu masika yajayo. Kasi ya ufa ndiyo inayotuambia, na kasi hiyo nimewapa.

La fedha nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Najua bajeti ya wilaya ilivyo, na najua ukuta mkubwa wa zege hauwezi kujengwa kesho. Kwa sababu hiyo nimepanga maombi yangu nikianza na yale ambayo yanahitaji majembe na uamuzi tu.

Naomba, kabla ya masika kuanza, madarasa matatu yaliyo karibu na mguu wa mkato yafungwe, na watoto wake wasome kwa zamu katika madarasa ya upande wa bonde. Mlango wa darasa la nne hauingii tena kwenye fremu yake. Mwalimu anaufunga kwa kamba. Wazazi tumekubaliana kujenga banda la muda kwa nguvu zetu ikiwa tutapewa kibali.

Naomba mfereji wa kukinga maji uchimbwe juu ya ufa wa migombani na kuelekezwa kwenye korongo la mashariki, mbali na kifusi, na ufa wenyewe ujazwe mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri na kufunikwa turubai. Wananchi tutachimba. Tunahitaji mtaalamu wa kutupimia mwinamo wa mfereji, kwa kuwa mfereji ukituamisha maji utakuwa mbaya kuliko kutokuwapo.

Naomba ukuta wa mawe utobolewe matundu ya kutolea maji, kuanzia chini kwenda juu, na kazi hiyo ifanyike siku za jua chini ya usimamizi wa mtu anayejua, watu wakiwa wameondolewa mbele yake. Kifusi kipunguzwe na chemchemi itengenezewe njia ya mawe na bomba.

Baada ya hapo naomba uchunguzi wa kweli ufanyike. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ipo Dodoma, na vyuo vikuu vyetu vina walimu wa fani hii na wanafunzi wanaotafuta maeneo ya utafiti. Wapime mwelekeo wa matabaka na nyufa, wachukue sampuli ya mfinyanzi uliomo ndani ya ufa na kupima msuguano wake ukiwa umelowa, wachoronge mashimo mawili ya kuangalia kina cha maji, kisha wakokotoe uwiano kati ya nguvu zinazoushikilia mteremko na zile zinazouvuta chini. Wahandisi kwa kawaida hutaka uwiano huo uwe kama 1.5 kwa mteremko wa kudumu wenye watu chini yake. Ukiwa 1 kamili, mteremko uko ukingoni. Wetu ni ngapi, hakuna anayejua, wala mimi sijui, na ndiyo maana naandika. Majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, kwa Kiswahili.

Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia mkoa hadi kijiji. Naomba kamati ya wilaya ikae juu ya jambo hili na ije kuona. Na kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaipa ofisi inayoshikilia taarifa siku 30 za kujibu, naomba nipewe nakala ya taarifa yoyote ya uchunguzi wa ardhi iliyofanyika kabla ya mlima kukatwa. Ikiwa haikufanyika, naomba niambiwe hivyo kwa maandishi.

Nondo mbili zile bado zipo migombani. Napima kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, na siku za mvua napima kila siku, na vipimo vyote vimo kwenye daftari ambalo nimemwachia Mwalimu Mkuu ofisini kwake. Kutoka uwanjani hadi kwenye ufa ni mwendo wa dakika 20 kwa mtu wa umri wangu. Mkija, njooni na viatu vya kufunga, na njooni kabla ya saa nane mchana, kwa maana baada ya hapo ukungu hushuka na ufa hauonekani.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi sanifu mstaafu, mkazi wa kitongoji cha chini ya mkato

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji, Mtendaji wa Kata, Mwalimu Mkuu, wazazi wote wa shule